Foleni ya Ndala Kituo cha Muaither

Siku yangu ya kwanza ya kazi ya basi Doha sikugusa usukani. Mimi Bakari, niliyetoka kupandisha mlima Kitonga na semitrela iliyojaa saruji, nilikalishwa kiti cha nyuma ya dereva kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Nikapewa koti la kung'aa lililonibana kifuani, nikaambiwa niangalie nguzo. Nguzo za vituo, basi. Aliyeniambia hivyo alikuwa Mkufunzi Mkuu, Mhindi wa Kerala, mtu mwembamba mwenye sauti kama kengele ya shule.

"Unaona nguzo?" akaniuliza kwa Kiingereza cha kule, ambacho kila mtu anakikata anavyojua.

"Naona."

"Mtu yuko kwenye nguzo, unasimama. Hayuko kwenye nguzo, unapita. Mtu yuko hatua chache kutoka kwenye nguzo?"

"Nasimama. Si namwona?"

"Unapita. Mlango ni wa nguzo, si wa mtu."

Nikacheka nikidhani ni utani. Yeye hakucheka, na kwa miaka yote niliyomfahamu sikumwona akicheka. Neno hilo la mlango na nguzo ndilo nililolila na kulilalia, na ndilo lililokaribia kuwanyang'anya watu Ijumaa yao. Nitafika huko.

Ninayaandika haya kwa vijana wanaokuja barazani kwangu kuuliza habari za kwenda Uarabuni kuendesha. Kila mmoja anaanza na mshahara. Hakuna hata mmoja anayeuliza kazi yenyewe ikoje. Mimi nimeishia darasa la saba Muheza, na hilo la saba nililimaliza kwa huruma ya mwalimu mkuu. Lakini mtihani wa leseni wa kule, wa kurudi nyuma katikati ya vyuma bila kuvigusa, niliufaulu mara ya kwanza, na nyuma yangu walikuwepo watu wenye vyeti vya chuo walioufanya mpaka wakazoeana na wasahihishaji. Nyumba ninayokaa nimeijenga kwa mikono hii miwili na mguu mmoja wa breki. Kwa hiyo mtu akija kuniambia udereva ni kazi ya waliokosa kazi, namwonyesha mlango, na mlango huo nimeununua mimi.

Kituo changu cha kwanza cha kazi kilikuwa njia ya kutoka stendi kuu ya mji wa zamani kwenda eneo la viwanda. Alfajiri unatoa basi bohari, ndiko yanakolala, unaliendesha tupu mpaka kituo cha kwanza. Sisi tuliiita safari kavu. Ukifika kabla ya wakati unasubiri mpaka dakika yako ifike, hata kama abiria wanakutazama kwa macho ya kukuroga. Halafu ilikuwepo zamu ya kukatika: unafanya asubuhi, unarudishwa kambini mchana, unaitwa tena jioni. Mchana huo huwezi kulala kwa joto, huwezi kutoka kwa joto, unakaa kitandani unautazama ukuta kama umekosana nao.

Na abiria. Kadi ya basi inagongwa kwenye mashine unapopanda, na inagongwa tena unaposhuka. Jambo dogo hilo. Mtu mzima ana ndevu, anashuka bila kugonga, mashine inamkata nauli ya mwisho wa njia, kesho yake anakuja kunidai mimi kana kwamba nimeingiza mkono mfukoni mwake. Viti vya mbele ni vya wanawake na familia, imeandikwa na imechorwa, na bado kila asubuhi nina mwanamume amekaa pale amefumba macho anajifanya amekufa.

Barabara nazo zilinizeesha kabla ya wakati. Doha ya miaka ile ilikuwa mji unaohamahama. Unalala umeacha mzunguko wa magari, unaamka mzunguko umeng'olewa, pamewekwa mataa, na njia imepindishwa kupita nyuma ya mtambo wa zege. Huko kupindishwa wanakuita tahwila. Leo tahwila inakwenda kushoto, kesho kulia, na watu kule hawaelekezani kwa majina ya barabara, wanaelekezana kwa mizunguko. Kwa hiyo abiria anakwambia umshushe mzunguko fulani, na wewe unajua mzunguko huo sasa ni shimo.

Nilipomlalamikia Msimamizi wa Zamu, Mmisri mmoja mwenye tumbo la heshima, alinijibu bila kuinua macho kwenye kikombe chake: "Mafi mushkila, ya Bakari." Maana yake hakuna tatizo. Nilijifunza upesi kwamba Msimamizi akisema hakuna tatizo, ndiyo kwanza tatizo limevaa viatu linakuja.

Baada ya miaka kadhaa bila kugusa hata kioo cha mtu, nikahamishiwa njia ya Muaither. Hiki ni kitongoji cha nyumba zenye kuta ndefu, na ndani ya kuta hizo wanaishi dada zetu wengi wanaolea watoto na kupika. Njia hiyo siku ya Ijumaa ilikuwa na jambo lake. Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko kule, kwa hiyo Wakristo wa kwetu, Wakenya, Waganda na sisi Watanzania, Jumapili yao wanaifanya Ijumaa. Makanisa yote yamewekwa pamoja Mesaimeer, upande wa kusini. Mimi Mwislamu wa Tanga ndiye nikawa dereva wa kupeleka watu kanisani. Nawashusha kwenye ibada yao, naliegesha basi mwisho wa njia, nakwenda msikitini kwenye ibada yangu, narudi, nawachukua. Sikuona shida. Shida waliiona wengine.

Ijumaa ya kwanza nilifika kituo cha katikati ya Muaither, karibu na bakala, ndivyo wanavyoliita duka la mtaani. Hapakuwa na mtu. Lakini chini ya nguzo palikuwa pamepangwa vitu: chupa ya maji, ndala nyekundu, mwavuli uliokunjwa, chupa nyingine, kopo la maziwa ya unga, ndala za bluu, mfuko uliofungwa fundo. Vimenyooka mstari mmoja kutoka kwenye nguzo kurudi nyuma.

Mtu wa taifa lingine angeona takataka. Mimi niliona foleni. Kwetu bomba likitoa maji kwa kudonoa, nani anasimama juani? Unapanga ndoo yako, unakwenda kivulini. Ndoo ndiyo wewe. Ukiiruka ndoo ya mtu umemruka mwenyewe, na maneno yake yatakufuata mpaka kwa mama mkwe wako.

Nikasimama, nikafungua mlango. Mlango wa basi kubwa ukifunguka unashusha pumzi, na kwa sauti hiyo wakaanza kutoka nyuma ya ukuta wa bakala, ambako kulikuwa na kivuli cha upana wa kitanda. Wanawake wengi, na askari wa lindo wawili wa Uganda. Kila mmoja akaenda kwenye chake, akakiokota, akapanda. Wenye ndala walikuwa tayari wamevaa viatu vya kanisani. Ndala walikuwa wametembelea vumbini kutoka majumbani. Hakuna aliyesukuma mtu. Ningependa Mkufunzi Mkuu angeona.

Wa kwanza, mwenye chupa ya mbele, alikuwa Trufena, mwanamke wa Busia, Kenya, mlezi wa watoto wa nyumba moja ya pale, na kiongozi wa kwaya yao. Alisimama kwenye ngazi akanitazama.

"Mzee, umejuaje kusimama? Yule mwingine hupita tu, inabidi tukimbize basi na Biblia mkononi."

"Nimeona foleni."

"Wewe ni mtu wa wapi?"

"Tanga."

"Ndio maana. Mtu amelelewa na mfereji wa kupanga madebe hawezi jificha." Akagonga kadi yake. "Sasa hiyo Kiswahili yako ya kupakwa mafuta, utatufikisha Mesaimeer ama utakuwa unatusalimia mpaka jioni?"

"Panda, dada. Kiswahili chako kina mashimo kama tahwila, nitaendesha polepole."

Basi zima likacheka, na tangu siku hiyo tukawa watani.

Nilimuuliza mara moja kwa nini wasisimame kwenye nguzo. Alinitazama kama nimemtukana. Nguzo ile ilikuwa peke yake kando ya barabara, haina paa, haina mti, na chuma chake mchana kingeweza kukaanga yai. Halafu mwanamke akisimama barabarani pale, magari yanapunguza mwendo na honi zinaanza. Nyuma ya ukuta palikuwa na kivuli na heshima. Nikaona ana hoja, nikaendelea kufungua mlango kwa ndala na chupa, Ijumaa baada ya Ijumaa, na hakuna aliyepungukiwa na kitu.

Kisha nikaenda likizo nyumbani, kwa sababu hata basi hupelekwa gereji. Basi langu akapewa kijana wa Nepali, mpole, mtiifu, aliyefundishwa na Mkufunzi yuleyule. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo. Alifika Ijumaa, akatazama nguzo, hakuona mtu, akapita. Wakatoka mbio nyuma ya ukuta wakamkuta ameshamaliza mtaa. Ijumaa iliyofuata akapita tena. Ijumaa ya tatu alipita mfagia barabara kabla ya basi, mtu wa kazi yake, akaona chupa na viatu vimetupwa kituoni, akafanya anachopaswa kufanya.

Nilikuwa Muheza nakula mihogo simu ilipoita.

"Mzee," Trufena akasema, "wametuzoa."

"Wamewazoa nani?"

"Foleni yote. Imeingia kwa mfuko mweusi. Mimi, Margret wa ndala nyekundu, wale askari, wote. Margret ametembea kurudi nyumbani na viatu vya visigino, amevimba miguu."

"Si msimame kwenye nguzo wenyewe mpaka nirudi?"

"Tulimweka Margret asimame kwa niaba yetu. Magari mawili yakasimama kumuuliza anaenda wapi. Akarudi kwa ukuta analia. Sasa tunatembea mpaka ile barabara kubwa kutafuta basi ingine, tunafika kanisani watu wakiimba ya mwisho." Akashusha sauti, na kwa Trufena hilo lilikuwa jambo la kutisha. "Na kurudi ni hivyo hivyo. Madam amesema nikichelewa alasiri tena, Ijumaa yangu imeisha. Nitakuwa naongoza kwaya nikiwa jikoni?"

Niliporudi kazini nikaenda moja kwa moja kwa Msimamizi wa Zamu kudai basi langu. Akanipa. Halafu akasema, akikoroga chai, kwamba kituo cha bakala Muaither kinaondolewa. Mashine ya kadi inaonyesha Ijumaa hakuna anayepanda pale, na kituo kisichopandisha mtu kinamchelewesha dereva bure.

"Hawapandi kwa sababu basi halisimami," nikamwambia.

"Basi halisimami kwa sababu hawapo."

"Wapo. Wako nyuma ya ukuta."

"Basi linafika ukutani?"

"Halifiki."

"Mafi mushkila. Watembee mpaka barabara kubwa, mazoezi mazuri."

Nawaambia ukweli, kuna siku kazi haikuchoshi kwa kuifanya, inakuchosha kwa kuieleza. Nilimweleza habari za ndoo na bomba akaniuliza kama abiria wangu wanabeba ndoo. Nilimweleza habari za ndala akasema kuna sheria ya kuvaa viatu ndani ya basi. Mwisho nikampita, jambo ambalo kule halifanyiki, nikapanda ghorofa ya juu kwa Meneja wa Njia.

Huyu alikuwa Msudani, mrefu, mtaratibu, anayetembea na begi la ngozi jeusi lililokuwa kama sehemu ya mwili wake. Akanisikiliza mpaka mwisho, na kwa hilo namheshimu mpaka leo.

"Bakari," akasema, "mashine haimpendi mtu wala haimchukii. Inasema hakuna watu."

"Mashine imekaa ndani ya basi, bwana mkubwa. Watu wako nje."

Akafikiri. "Ijumaa nitapanda na wewe. Nikikuta watu kwenye kituo, kituo kinabaki. Nikikuta nguzo peke yake, Jumamosi nguzo inang'olewa."

Niliteremka ngazi nikajiona mshindi. Usiku uleule nikampigia Trufena.

"Ijumaa anakuja mkubwa. Nataka watu wasimame kwenye nguzo. Miili. Vumilieni siku moja. Sitaki kuona chupa, sitaki kuona ndala."

"Sawa, Mzee."

"Rudia."

"Miili, sio ndala."

"Na waambie wenzako wa mitaa ya jirani waje, tuwe wengi."

"Hiyo uniachie mimi."

Ijumaa ikafika, na ilikuwa katikati ya kiangazi, joto la kumfanya mtu azungumze na marehemu. Meneja akakaa kiti cha nyuma yangu, begi mapajani. Barabara zilikuwa tupu kama kawaida ya Ijumaa asubuhi, nikafika Muaither kabla ya wakati. Nikakata kona ya bakala nikiwa nimeshatengeneza uso wa ushindi.

Hapakuwa na mtu.

Palikuwa na foleni ya vitu ambayo sijaona mfano wake tangu nizaliwe. Chupa, ndala za kila rangi, miavuli, vipochi, kofia ya askari, sufuria yenye mfuniko. Imeanzia kwenye nguzo, ikafuata ukingo wa barabara, ikapinda kona ikaelekea mtaa wa pili. Trufena alikuwa ameita watu kweli. Na watu walikuja kweli, na kila aliyekuja alipanga chake akaenda kivulini, kwa sababu hao ndio watu wetu: unawaambia jambo, wanakuitikia, wanalirudia neno kwa neno, halafu wanafanya lile walilozoea. Nilitamani kulia.

"Bakari," Meneja akasema nyuma ya shingo yangu, "watu wako wapi?"

"Wapo."

"Wapi?"

"Hao hapo," nikasema, nikaonyesha ndala.

Akachungulia dirishani. "Hizo ni takataka. Endesha."

Sikuendesha. Nilivuta breki ya mkono, nikafungua mlango kwenye kituo kisicho na mtu, na mkubwa wangu amekaa nyuma yangu ameniambia niondoke. Mlango ukashusha pumzi. Nyuma ya ukuta wakaanza kumiminika, wa mbele wakiwa wameshikilia sketi zao za kwaya zisiburure. Meneja akasimama.

"Asipande mtu," akasema, akashuka na begi lake. "Nani aliyewaambia mtupe uchafu kituoni?"

Trufena akasogea mbele. Alikuwa na Kiarabu cha jikoni, kilichojaa amri za kuosha na kupika, na ndicho alichokitumia. Baadaye alinitafsiria, ingawa nilikuwa nimeelewa.

"Bosi, hii sio uchafu. Hii ni sisi. Hiyo chupa ni mimi. Hiyo nyekundu ni Margret."

"Na nyinyi mnashindwa nini kusimama hapa kama watu?"

"Jua."

"Jua ni la wote. Dakika bado zipo kabla basi halijaondoka. Simameni hapa, na mimi nasimama nanyi. Nataka kuona kinachoshindikana."

Wakajipanga, kila mmoja nyuma ya chake. Yeye akaenda mpaka mwisho wa foleni, nyuma ya ndala za bluu za mtu aliyekuwa ameanza kupinda kona, akasimama wima na kanzu yake nyeupe. Mimi nilikuwa kwenye kiyoyozi, mguu juu ya breki, nikimtazama kwenye kioo cha pembeni.

Mwanzo alisimama vizuri. Halafu akatoa leso. Halafu akahamisha begi mkono wa pili. Halafu akalitazama bakala kama mtu anayekumbuka amesahau kitu, akaweka begi chini pale alipokuwa amesimama, akaenda kununua maji. Akanywa. Na alipotoka na chupa yake mkononi, miguu yake haikumrudisha kwenye nguzo, ilimpeleka ukutani. Akaegemea kivulini. Mmoja mmoja foleni yote ikamfuata, taratibu, bila kelele, mpaka barabarani pakabaki tena chupa, ndala, miavuli, na begi la ngozi jeusi la Meneja wa Njia.

Trufena akamwambia, kwa upole kabisa, "Bosi, usijali. Begi yako iko nyuma ya ndala za bluu. Hakuna mtu atakuruka."

Dakika ikafika. Wakapanda, kila mmoja na chake. Meneja akapanda wa mwisho kabisa, na alipookota begi nilimwona amelishika kwa ncha za vidole, chuma cha kufungia kilikuwa kimeshika moto. Kwaya ikaanza kufanya mazoezi humo humo ndani ya basi, jambo lisiloruhusiwa, na nilipomtazama kwenye kioo alikuwa anatazama nje ya dirisha na kidole chake kinapigapiga begi.

Waliposhuka wote akaja mbele. "Kituo kinabaki," akasema. "Na dereva wa Ijumaa akiona vitu vimepangwa kwenye nguzo ile, afungue mlango."

"Bwana mkubwa, naomba ulirudie neno hilo mbele ya Msimamizi wa Zamu."

"Nitalirudia."

Na akalirudia. Mmisri akasema mafi mushkila, na kwa mara ya kwanza ilikuwa kweli.

Mnadhani hapo tulipumzika. Wakubwa wakikuelewa ndipo hatari inapoanza. Baada ya muda wakajenga kibanda cha kioo pale kwenye nguzo, chenye benchi na kiyoyozi, kitu cha fahari. Kioo kikaelekezwa jua linakochomoza. Kiangazi cha kwanza kiyoyozi kikafa, kibanda kikawa tanuri la kuokea mikate. Dada zetu wakapanga ndala zao juu ya benchi, ndani ya kioo, wakarudi nyuma ya ukuta. Kiyoyozi kilipotengenezwa, wakaendelea hivyo hivyo. Nikauliza kwa nini. Trufena akasema benchi ni la watu wanne, na wao si watu wa kubaguana. Kwa hiyo kwa misimu kadhaa serikali ya watu ilikuwa inapoza ndala.

Sifa hazikai bila kazi. Mkufunzi Mkuu alipoondoka kurudi Kerala, mimi wa darasa la saba nilifanywa mkufunzi wa madereva wapya. Niliwafundisha nguzo kama nilivyofundishwa, halafu nikawafundisha la kwangu: ukiona viatu vimenyooka, hao ni watu. Wengine walielewa. Wengine walisimamisha basi kwenye jalala. Kisha nikapelekwa Lusail, mji mpya kaskazini, kusimamia mabasi ya wafanyakazi wakati kila kitu kilikuwa mchanga na winchi, na huko tahwila ilikuwa na tahwila yake. Mwishoni ikaja treni ya chini ya ardhi, safi, baridi, haina dereva. Nimeipanda. Inasimama hata kama hakuna mtu, inaondoka hata kama mtu yuko mlangoni. Nilishuka nimekasirika na sikujua nimkasirikie nani.

Nikaomba kustaafu kabla sijaambiwa. Sasa niko Muheza, naamka alfajiri bila sababu, na nikikaa kiti cha abiria mguu wa kulia bado unatafuta breki. Vijana wananiuliza nimejifunza nini miaka yote hiyo. Nimejifunza kwamba sheria ya nguzo iliandikwa na mtu mwenye kivuli. Hayo ndiyo mafunzo yangu, na nauli ya mafunzo nililipa mimi.

Ijumaa yangu ya mwisho niliomba nipewe njia ya Muaither. Nikafika kituo cha bakala, foleni imepangwa ndani ya kibanda na nje. Nikafungua mlango. Wakatoka, wakaokota, wakapanda. Trufena, ambaye sasa alikuwa na mvi mbili tatu, akaokota ndala zake kutoka nafasi ya pili, nikashangaa, maana yeye hakuwahi kuwa wa pili. Basi likajaa. Nikataka kufunga mlango, nikaona chini ya nguzo, mbele kabisa, imebaki chupa moja ya maji, mpya, imefungwa kitambaa cha kijani shingoni.

"Nani ameacha chupa yake?" nikauliza.

Nikauliza tena, nimeshakereka, dakika imefika.

"Hiyo ni wewe, Mzee," Trufena akasema kutoka kiti cha mbele.

"Mimi dereva. Sipangi foleni."

"Kesho sio dereva. Kesho ni abiria kama sisi, na hujui kusubiri, tunakujua. Ndio tumekushikia ya kwanza. Siku ukirudi huku, usianzie nyuma."

"Mnanichelewesha," nikasema.

"Shuka ujiokote, basi, twende. Padri hangojei."

Nikashuka. Maji yalikuwa ya moto kama chai ya mgonjwa. Nikaiweka chupa kando ya kiti changu, nikawafikisha Mesaimeer, nikaswali, nikawarudisha kabla ya alasiri, nikapeleka basi bohari kwa mara ya mwisho. Getini akapanda Mkaguzi, kijana mpya, kalamu mkononi, akaangaza huku na huku mpaka akaona anachokitafuta.

"Chupa karibu na pedali hairuhusiwi," akasema. "Hii ya nani?"

Nikamwambia si ya mtu, ni mimi, na aandike hivyo hivyo.